Udi Chooni

Jumatatu, 8 Juni 1987

Koti limefika leo. Rangi ya mchanga, mifuko minne, na jina la mwanangu limeandikwa kifuani kwa kalamu ya wino. Nimelipiga pasi mara mbili. Mara ya kwanza lilinyooka, mara ya pili ilikuwa raha yangu tu. Mahfudha akalivaa akasimama ukumbini, machozi yakanilenga. Mimi niliishia darasa la sita, babangu alisema yatosha. Na leo mwanangu ni mtu wa serikali! Idara ya afya! Malindi nzima kuna wasichana wangapi waliokwenda chuo cha afya wakarudi na cheti? Mimi namjua mmoja. Nimemzaa.

Mtaani nimewaambia ni daktari. Mume wangu Mbaruk alinisikia kutoka barazani kwenye cherahani yake, akasema si daktari, ni msaidizi wa bwana afya. Nikamwambia wewe shona kanzu.

Baada ya chakula nikamuuliza mwanangu kazi yenyewe ni ipi hasa. Mbu, akasema. Nikangoja aendelee, nikidhani huo ni mwanzo tu. Kumbe ndiyo kazi yote. Asema matende – mguu kuvimba ukawa kama gogo, na wanaume kuvimba pengine ambapo sipaandiki – huletwa na kijidudu chembamba kama uzi, na kijidudu hicho husafiri ndani ya mbu. Mbu amuuma huyu, ampelekea yule. Na mbu hao hawazaliwi msituni. Huzaliwa mjini, katika vyoo vyetu vya shimo, kwenye maji ya chini. Mbaruk akasema yote hayo ni kunywa madafu kupita kiasi, ndivyo alivyoambiwa na babake. Mahfudha akacheka kwa adabu. Kisha akauliza polepole, baba mguu wako umeanza lini? Mbaruk akasema usingizi umemshika, akaondoka.

Umeanza Rajabu. Mimi najua. Mara tatu homa na mtoki wa kinenani, na kila homa ikiondoka mguu unabaki mnene kidogo kuliko jana. Watu nimewaambia alijigonga kwenye chuma cha cherahani.

Jumanne, 9 Juni

Kuluthumu! Huyu ni jirani yangu wa mkabala, mlango kwa mlango, ambaye mwanawe yuko Maskati na kwa hivyo sisi wengine hatupumui. Leo asubuhi nafagia, naye kasimama mlangoni na kikombe chake.

"Shoga, nimemwona daktari wako sokoni. Amelala kifudifudi mlangoni mwa choo cha wachuuzi, tochi mkononi, kichwa ndani. Mgonjwa alikuwa nani?"

Nikamuuliza kama huko Maskati watu hawaendi haja. Lilikuwa jibu zuri, na wapita njia wawili walicheka upande wangu. Lakini nilipoingia ndani niliketi kitandani kwa muda.

Jioni nikamwomba Mahfudha, kama lazima aingize kichwa, basi angoje watu watawanyike. Akasema kuhesabu viluwiluwi vya mbu ndiko alikosomea, na kwamba alikuwa wa kwanza darasani. Wa kwanza! Hakuniambia hilo mapema. Kesho nitamwambia Kuluthumu.

Akanionyesha pia dawa yenyewe, kiganja kimoja. Si dawa – ni shanga. Vipunje vya plastiki vyeupe, vyepesi kama bisi. Vinamwagwa shimoni, vinaelea juu ya maji, vinafunika kote. Kiluwiluwi akija juu kuvuta pumzi hapati pa kupitia, anakufa, na mbu akija kutaga haoni maji. Zinakaa miaka. Nikasema ni nzuri mno kwa kazi hiyo, mtu angezitia mahali penye kuonekana.

Alhamisi, 11 Juni

Nimefunga leo, ya nne katika zile sita za mfungo mosi, baada ya Ramadhani.

Habari kubwa. Jumamosi watu wa afya wanakuja mtaani kwetu! Nyumba kumi zimechaguliwa na yetu ni mojawapo. Mahfudha akanipa ujumbe wa kupeleka kwa wenyewe: watu wasijisumbue, waache kila kitu kama kilivyo.

Ni maneno ya kila mgeni aliyelelewa vizuri. Mgeni gani atakwambia jisumbue? Ukiambiwa usijisumbue ukakaa kweli usijisumbue, umeonekanaje? Nikavaa buibui saa hiyo hiyo, nikapita nyumba zote tisa. Nikawaambia: wanasema tusijisumbue. Wote wakanielewa.

Kwa Kuluthumu niliongeza kwamba mkubwa wa Mahfudha mwenyewe huenda akaja, Bwana Mwambire, kichwa cha idara, na atafunua kila choo. Kuluthumu akaweka kikombe chini.

Ijumaa, 12 Juni

Tangu wanaume warudi msikitini mtaa mzima ni fagio na maji. Sijaona hivi tangu harusi ya binti wa kadhi. Nyumba ya pembeni wamemwaga mafuta ya taa debe nusu. Wengine maji yanayochemka na majivu. Kuna aliyepaka chokaa mpaka kwenye tundu. Kuluthumu – nimeona kwa macho yangu – ameingia chooni na chetezo kinachofuka, akakaa humo kwa dakika nyingi, akatoka anakohoa kama aliyevuta kiko cha buruma. Udi! Chooni! Udi wa Maskati, akahakikisha nausikia.

Basi mimi nishindwe? Mimi mama wa mwenye shughuli? Nimemwaga chupa mbili za mafuta ya taa. Halafu nimechukua udi wangu wa harusi, ule wa Lamu, kipande kilichobaki nilichokuwa nakiweka kwa harusi ya Mahfudha, nikakichoma chote. Mbaruk alipotoka chooni akauliza nani anaoa.

Jumamosi, 13 Juni

Wamekuja jioni. Bwana Mwambire ni mtu mpole, mrefu, mvi zimeanza, Mgiriama wa huko bara, viatu vimepakwa rangi. Alinipa shikamoo! Mtu ambaye naona tunalingana umri. Nimeipokea.

Mitego yao ni ya wavu, juu imechongoka. Ni kawa kabisa, kawa ya kufunikia chakula, haina tofauti. Wanaifunika juu ya tundu la choo usiku kucha, na mbu wote wanaopanda kutoka shimoni wananaswa. Nilipoona kawa inaingia chooni kwangu nilitaka kuinyakua, nikajizuia kwa heshima ya serikali. Tumeombwa tusitumie choo mpaka alfajiri. Mbaruk amekataa chai tangu magharibi.

Zimewekwa tisa. Choo cha kumi ni cha Kache, mpangaji wa Kuluthumu anayekaa kile chumba cha nyuma. Kina kufuli, na Kache amekwenda kwao Ganze matangani na ufunguo wake.

Nilimwona Bwana Mwambire akisimama chooni kwangu, ananusa. Akanusa tena. Nilifurahi kwamba ameusikia udi.

Jumapili, 14 Juni

SIFURI!

Nyumba yetu sifuri. Kuluthumu sifuri. Nyumba tisa zote pamoja – mbu watatu na mende mmoja, na huyo mende si wa kwetu. Mwanangu amepima mtaa na mtaa umetoka safi kama bakuli. Nilipiga kigelegele uani, na wanawake wakaitikia nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa kichochoro. Nikachinjisha kuku yule mwekundu. Pilau, kachumbari, na ndizi za nazi juu yake.

Mahfudha hakula. Aliketi mkekani na ile karatasi yake ya kuandikia nambari, anaitazama. Nikamwambia hongera mwanangu. Akasema ahsante Mama. Nikamwongeza nyama. Akainuka akaenda kulala na jua bado liko juu.

Amechoka. Kazi ya serikali si mchezo.

Jumatatu, 15 Juni

Nimefunga, ya tano. Na nimesema uwongo, sijui itahesabiwaje.

Mahfudha ameitwa ofisini. Amerudi na macho mekundu. Na sasa ndiyo naambiwa! Shanga zilizoletwa mwaka huu zinatosha mtaa mmoja tu. Ama wetu, ama Kibarani kule Kilifi. Na unaopewa ni ule wenye mbu WENGI. Wengi! Kibarani walihesabu mwezi jana, nyumba kumi, mbu mia saba na arobaini kwa usiku mmoja. Sisi watatu, na mende.

Na mwanangu ndiye aliyemwambia Bwana Mwambire tangu siku ya kwanza kwamba hakuna mtaa pwani hii unaotushinda kwa mbu. Leo Bwana Mwambire amemuuliza, mbele ya wenzake wote, kama aliyasema hayo kwa kuwa ni kweli au kwa kuwa alitaka kazi iwe karibu na kwa mamake. Hakumpigia kelele. Mahfudha asema afadhali angempigia.

Kisha akanigeukia. "Mama, Ijumaa nilikuwa kazini siku nzima. Mlifanya nini hapa?"

Nikasema hatukufanya kitu, tulikaa tu.

Jumanne, 16 Juni

Mbaruk ana homa. Imeanza alfajiri kwa baridi, meno yanagongana, mtoki umesimama kama yai. Mguu ni mwekundu na unawaka. Mahfudha ameuosha kwa maji na sabuni taratibu, katikati ya vidole, ameukausha kwa kitambaa safi, akauinua juu ya mto. Babake alitazama ukuta muda wote, maana hakuwahi kumruhusu mtu auone hata mimi nikiwa na taa mkononi.

Wiki mbili sasa anakanyaga cherahani kwa mguu mmoja. Kanzu moja siku nne.

Nikamuuliza mwanangu mlangoni, kwa sauti ya chini: mguu utafika wapi? Akasema vipo vidonge vya kuua vile vijidudu, atamletea. Lakini mtu anameza vidonge leo, mbu anamtia vingine kesho, kwa hivyo kazi ni ya mbu kwanza. Nikauliza na mguu wa pili? Akasema, ndiyo maana nilitaka mtaa huu, Mama. Kisha akaenda kuchemsha maji.

Nilipobaki na Mbaruk nikamwambia yote. Mafuta ya taa, udi, nyumba tisa, na uwongo wa jana. Alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Akafungua jicho moja.

"Mtoto wako ameitwa mrongo kwa sababu ya udi wako," akasema. "Amka uende."

Jumatano, 17 Juni

Nimekwenda. Buibui jipya, mahamri ishirini kwenye kikapu. Kwa sababu hata aibu haiendi mikono mitupu.

Ofisi ya Bwana Mwambire ni chumba kimoja, meza mbili, chupa za viluwiluwi dirishani kama achari. Nilipanga vizuri njiani namna ya kuanza. Nilianza kwa kusema wako wanawake wengine mtaani, majina siyataji, wenye tabia ya kupenda sifa. Akanipa kiti. Nikasema hao wanawake huenda walifanya usafi kidogo. Akasema mh. Nikasema huenda walitia na mafuta ya taa. Akamega hamri. Nikaona nikiendelea kuwasema majirani nitafika mpaka Kuluthumu na chetezo chake, na mwisho wake aulize nani aliwaambia.

"Ni mimi," nikasema. "Mahfudha alisema watu wasijisumbue, mimi nikawasumbua wote. Mwanangu hakujua. Alikwambia kweli, mbu tunao, bwana, tunao wengi sana, watatosha na Kibarani mkitaka. Kama kuna mrongo katika nyumba ile, umempa kiti."

Aliweka hamri mezani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akafunika mdomo kwa leso, nikadhani hamri limemkwama.

"Mama," akasema, "nilisikia udi. Nikajiuliza nitauandika wapi. Fomu haina mahali pa udi."

Akasema nambari ni nambari, hawezi kuzifuta kwa sababu ya mahamri, hata yawe matamu hivi. Lakini kipo choo kimoja ambacho hakikupimwa, kile chenye kufuli, na hesabu isiyotimia kumi anaruhusiwa kuirudia yote. Ripoti anaituma tarehe ishirini na tano. Mbu aliyetaga Jumapili atahitaji kama siku nane au tisa. Mitego itarudi tarehe ishirini na tatu jioni. Na safari hii, akasema, asijisumbue mtu. Nikamuuliza kweli kweli? Akasema kweli kweli, Mama Mahfudha.

Jioni nimemwambia mwanangu. Niliinama nikichagua mchele ili nisimwone uso. Akauliza: "Udi wa harusi, Mama? Wote?" Nikasema wote. Akaanza kucheka, akaketi sakafuni, akacheka mpaka Mbaruk akagonga ukuta kutoka kitandani kuuliza kuna nini. Halafu akaweka kichwa mapajani pangu, mtu mzima wa serikali na koti lake. Limekunjika. Nitalipiga pasi.

Ijumaa, 19 Juni

Kazi hii ni ngumu kuliko ya kwanza. Kumwambia mwanamke asafishe choo ni kazi ya asubuhi moja. Kumwambia asisafishe, aache mbu wazaane, na aombe wawe wengi – nimetukanwa nyumba tatu.

Kache amerudi kutoka Ganze. Nilimweleza akiwa amebeba gunia lake la mahindi kichwani. Akalitua kwanza ili apate kucheka. Asema yeye watu wa kwao huko bara hawana maji ya kunywa, wanatembea nusu siku kwa debe moja, na sisi tunamwaga maji ya moto chooni ili mbu wasituone vibaya. Asema choo chake hakijaguswa, na mbu wake karibu watadai kodi. Nimempenda sana leo Kache.

Kuluthumu ndiye amekataa kabisa. Akasema yeye Kuluthumu binti Gharib, mwanawe akipiga simu kutoka Maskati, aambiwe kwamba mamake ameandikwa na serikali ana mbu? Nikamwambia ni kwa faida ya mtaa. Akasema mtaa uanze kwako.

Jumamosi, 20 Juni

Nimelala nikifikiri, nimeamka na jibu.

Nilipita kwa Kuluthumu kama niliyekuja kuazima mbuzi ya nazi. Nikasema kwa masikitiko kwamba huenda nyumba yake isihesabiwe. Kwa nini? Nikasema nasikia mbu hawa hupenda mashimo makubwa, ya zamani, ya nyumba za watu waliokaa mjini tangu mababu. Hizi nyumba mpya mpya, shimo la juzi, mbu atapata wapi. Nikasema Kache peke yake atapata mia.

"Kache?" akasema Kuluthumu. "Mpangaji wangu? Shimo lake lile mume wangu alilichimba mwaka wa sabini na tisa tu."

Nikasema basi, ndivyo ilivyo. Nikaondoka bila mbuzi.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba choo cha Kuluthumu kilichimbwa na babu wa mumewe enzi za Waarabu, na kwamba ukikaribia mlango wake mbu wanavuma kama genereta. Mwenye nyumba ya pembeni akajibu kwamba kwake hata taa huzimika. Sasa nikipita naitwa ndani kuonyeshwa alama za kuumwa.

Mbaruk ameamka leo, homa imeshuka. Mguu haukushuka nayo.

Jumatatu, 22 Juni

Nimefunga ya mwisho. Sita zimetimia, alhamdulillahi. Hapo ndipo wema wangu wa leo ulipoishia.

Asubuhi nilichukua tochi, nikafunga mlango wa choo, nikaangalia shimoni. Kimya. Nikapiga ukuta kwa ndara. Mbu mmoja. Akanitazama, akarudi chini. Chupa mbili za mafuta ya taa, nikajiambia, Mwanatumu! Kila nyumba mbu wamerudi kwa maringo, na nyumba ya mwenye koti – mbu mmoja!

Nikachukua kopo la samli, nikaenda kwa Kache. Sikumficha. Akaniangalia, akaniangalia, kisha akafunga kata kuukuu kwenye mti mrefu, akanitekea. Kopo zima, linachezacheza lenyewe. Nikalitia ndani ya buibui nikashika njia.

Kichochoroni, nani? Kuluthumu. Macho kwenye kifua changu.

"Unachukua nini, shoga?"

Nikasema dawa ya Mbaruk, ya kuchua.

"Nipunguzie kidogo. Magoti haya yamenichosha."

Wallahi nilikaribia kumpa. Nikasema ni ya wanaume tu, nikakaza mwendo.

Mahfudha alikuwa ameketi kizingitini anavua viatu. Aliona tu ninavyotembea. Akanyoosha mkono, nikatoa kopo kama mtoto. Akalitazama juani kwa ufundi wake.

"Hawa ni wa Kache," akasema. "Ukiwamwaga hapa nitawaandika kwa nyumba isiyo yao."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Mama. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Sina nyingine."

Nimewamwaga uani, kwenye mchanga wa moto. Nikakasirika kidogo, kwa sababu kopo lilikuwa zito nami nimefunga. Kisha nilipokuwa nasonga ugali wa futari ikanijia – nani amemlea huyu? Nikajikuta natabasamu peke yangu jikoni.

Jumanne, 23 Juni

Kawa kumi zimewekwa jioni hii. Kuluthumu alimfuata Bwana Mwambire mpaka chooni kumwonyesha pahali pazuri. Kache aliuliza kama mbu wake watarudishwa. Kwetu, Mahfudha aliuweka mtego kwa mikono yake, akakandamiza kingo kwa mchanga, akatoka bila kunitazama.

Udi hakuna. Hata uvumba sikuuruhusu. Nimemwambia Mbaruk asipite na sigara.

Jumatano, 24 Juni

Asubuhi. Naandika jikoni, nimeketi kwenye kibao cha mbuzi, dirisha liko wazi, uani kwetu kumejaa watu. Siwezi kutoka. Mikono inataka kushika kitu ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wamemaliza nyumba tisa. Wanahesabu mmoja mmoja, Mahfudha anataja, Bwana Mwambire anaandika. Kache mia moja thelathini na nane. Kuluthumu mia na kumi na saba, na amelalamika kwamba wengine walitoroka mtego ulipoinuliwa. Wa pembeni tisini. Nimejumlisha mwenyewe kwenye ukurasa wa nyuma, mara mbili. Nyumba tisa: mia saba thelathini na mbili. Kibarani ni mia saba na arobaini.

Imebaki yetu.

Tunataka tisa. Tisa tu! Nyumba ambayo wiki mbili zilizopita ningelala njaa isionekane na mmoja.

Mahfudha ametoka chooni na kawa mkononi, ameifunga mdomo. Amechuchumaa katikati ya ua. Watu wamemzunguka. Koti limenyooka, nimeliona. Sauti yake haina haraka. Mmoja. Wawili.

Watatu.

Kuluthumu anasema huyo mkubwa ahesabiwe mara mbili. Kache anamwambia anyamaze.

Wanne. Watano.

Bwana Mwambire anauliza kama wamekwisha. Mahfudha anasema bado, kuna pindo la wavu hajalikunjua.

Na sasa – Mbaruk! Nilidhani amelala. Ametoka ukumbini anashika ukuta, kikoi amekipandisha mpaka gotini, mguu wote wazi, juani, mbele ya mtaa mzima. Mbele ya Kuluthumu ambaye mimi mwenyewe nilimwambia ni chuma cha cherahani. Watu wamempisha njia. Amefika mpaka kwa Bwana Mwambire na karatasi yake.

"Andika na huu," amesema.

Bwana Mwambire ameinua kalamu, hajaishusha. Mwanangu bado ameshika kawa kwa mikono miwili, anamtazama babake. Na Kuluthumu hautazami mguu. Amegeuka anatazama mlango wa nyumba yake, kule ambako mumewe hajatoka kukaa barazani tangu mwaka jana, naye hutuambia ni mafua.

Mahfudha ananiita. Asema nimletee baba yake kiti, akae, ndipo amalize kuhesabu. Kile kizuri cha ukumbini, asema, si kibao.

Nakwenda nacho.